Mashine Isiyokuwapo na Maradhi Yaliyopo: Hekaya ya Polybius na Afya ya Wachezaji wa Michezo ya Video

Husimuliwa kwamba mwaka 1981, katika viunga vya mji wa Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, mashine mpya nyeusi iliwekwa katika kumbi chache za michezo ya video. Haikuwa na pambo lolote ila jina lake: Polybius. Vijana walipanga foleni mbele yake, wakagombania zamu, wakarudi siku ya pili na ya tatu kama watu waliovutwa kwa kamba. Kisha wakaanza kuugua. Baadhi walipoteza kumbukumbu, baadhi walikosa usingizi au waliamka usiku wakipiga mayowe, na wengine walianguka kifafa. Wanaume waliovaa suti nyeusi walikuja mara kwa mara, wakaifungua mashine, wakaziacha sarafu zilizokuwamo na kuchukua kumbukumbu za wachezaji tu, kisha wakaondoka bila kusema na mtu. Baada ya mwezi mmoja hivi mashine zote zilitoweka, na hakuna aliyeziona tena.

Hiyo ndiyo hekaya ya Polybius, mashuhuri kuliko zote zinazosimuliwa kuhusu michezo ya video inayodhuru. Wachunguzi wengi wameifuatilia, na hakuna aliyepata ushahidi kwamba mashine hiyo iliwahi kuwapo. Hata hivyo, kwa mhudumu wa afya, kusema "huo ni uongo" hakumalizi shauri. Mzazi anayemleta kliniki mtoto aliyeanguka mbele ya skrini huja na hadithi yake kichwani, na mara nyingi hadithi hiyo ndiyo huamua kama mtoto atapimwa au atafichwa ndani. Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuhusu Polybius, lililosemwa halikuwapo. Lakini kando yake kulikuwa na mambo mengine ya kweli, ambayo hayakusemwa vya kutosha. Makala haya yanatenganisha hayo mawili.

Mashine iliyotafutwa isipatikane

Mashine za michezo ya sarafu za miaka ya 1980 ziliacha alama nyingi. Ziliundwa viwandani, zikatangazwa katika majarida ya biashara, zikanunuliwa kwa hati, na nyingi zimehifadhiwa hadi leo na watu wanaozipenda. Polybius haina tangazo la wakati huo, haina hati ya mauzo, haina hata kipande kimoja cha mtambo kilichothibitishwa. Maandishi ya kwanza yanayojulikana kuihusu yalionekana katika orodha moja ya mashine za sarafu kwenye intaneti karibu na mwaka 2000, na mnamo Septemba 2003 jarida la Marekani liitwalo GamePro likaitaja, na habari ikasambaa. Kwa hiyo kati ya tukio linalodaiwa na maandishi ya kwanza kuna pengo la karibu miaka ishirini.

Jina la kampuni inayodaiwa kuiunda nalo linatia shaka. Huitwa Sinneslöschen, maneno mawili ya Kijerumani yaliyoungwa ili kuleta maana ya kufuta hisi, lakini yameungwa kwa namna ambayo mzawa wa lugha hiyo asingeitumia kwa kawaida. Jina la mchezo wenyewe ni la mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, mzaliwa wa eneo liitwalo Arcadia. Kwa Kiingereza jina la eneo hilo linakaribiana sana na neno linalotumika kwa ukumbi wa michezo, na yaelekea aliyetunga hekaya alikuwa akijichekea.

Nyuzi za kweli zilizoshonewa hekaya

Uvumi haushiki mizizi mahali pasipo na udongo. Portland ya mwaka 1981 ilikuwa na udongo wa kutosha. Mnamo Novemba mwaka huo kijana mmoja alijaribu kuweka rekodi ya kucheza mchezo wa Asteroids kwa muda mrefu mfululizo. Baada ya takriban saa 28 tumbo likamsumbua, akalazimika kuacha. Husimuliwa kwamba siku hiyohiyo, katika ukumbi uleule, mchezaji mwingine alipatwa na kipandauso kikali akicheza Tempest. Katika kipindi hichohicho maofisa wa serikali walipekua baadhi ya kumbi za eneo hilo wakitafuta mashine zilizogeuzwa kuwa za kamari. Hapo tayari pana vijana walioumwa, pana wageni wanaofungua mashine, na pana mashine zinazochukuliwa zisirudi. Miaka ishirini ya kusimuliwa ilitosha kuyaunganisha yote hayo yakawa kisa kimoja.

Uzi mwingine ni mzito zaidi. Mwaka 1977 Seneti ya Marekani ilisikiliza ushahidi kuhusu mpango ulioitwa MKUltra, ulioanzishwa mwaka 1953 na shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA. Katika mpango huo watu walipewa dawa za kuvuruga akili bila kujua na bila ridhaa yao. Baada ya hayo kujulikana, habari ya serikali inayojaribu akili za vijana kwa mashine haikuonekana tena kuwa ya ajabu. Wahudumu wa afya wana la kujifunza hapa: utafiti unaovunja ridhaa ya watu haumdhuru tu yule aliyefanyiwa. Huacha nyuma yake shaka ambayo vizazi vinavyofuata huja nayo hospitalini.

Hofu ya michezo ya video haikuwa ya Portland peke yake. Mnamo Novemba 1981 Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino alipiga marufuku mashine za michezo ya video nchini mwake. Novemba 1982, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alisema hadharani kwamba michezo hiyo inawateka vijana mwili na roho. Siku iliyofuata akaeleza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi, wala hayakutokana na ushahidi wa kisayansi. Masahihisho hayo ni mfano mzuri wa uaminifu, lakini aghalabu kauli ya kwanza husafiri mbali kuliko masahihisho yake.

Taarifa ya mwaka uleule

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mwaka 1981, mwaka uleule ambao hekaya inautaja, jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha taarifa fupi kuhusu kifafa kilichochochewa na mchezo wa video, na katika kichwa chake likatumia jina la mchezo uliokuwa ukivuma wakati huo, Space Invaders. Mwaka 1983 jarida la chama cha madaktari wa Marekani likaonya tena kuhusu hatari ya michezo hiyo kwa wagonjwa ambao kifafa chao huchochewa na mwanga. Taarifa hizo hazikuwa na wanaume wenye suti nyeusi. Zilikuwa na mgonjwa, skrini, na kipimo cha umeme wa ubongo.

Ili kuelewa kinachotokea, ni vema kukumbuka kwamba seli za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo sana. Katika hali ya kawaida, seli za sehemu ya kuonea, iliyo nyuma ya kichwa, hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Kundi moja hufanya, jingine hutulia. Mwanga unapopepesa kwa mpigo wa kurudiarudia, kila mwako hulisukuma kundi kubwa la seli kwa wakati mmoja. Kwa watu wengi ubongo una breki za kutosha kuzuia msukumo huo. Kwa wachache, ambao mara nyingi wamerithi maumbile hayo, breki hushindwa. Seli huanza kuwaka kwa pamoja, na mkondo huo husambaa hadi mwili mzima ukakakamaa na kutetemeka, na fahamu zikapotea.

Hatari hutegemea kasi ya kupepesa. Mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 60 kwa sekunde unaweza kuchochea kifafa kwa mtu mwenye maumbile hayo, lakini wengi huathirika zaidi kati ya mara 15 na 25. Rangi nyekundu iliyokolea huongeza hatari, na vivyo hivyo mistari ya weusi na weupe inayopishana, hasa inapotembea. Skrini inayojaa upeo wa macho ni ya hatari kuliko ile iliyo mbali. Mchezaji hukaa karibu na skrini, hukaza macho kwa saa nyingi, na mara kwa mara huukopa muda huo kutoka katika usingizi wake. Kukosa usingizi peke yake ni kichocheo kikubwa cha kifafa, ndiyo maana baadhi ya watu walioanguka wakicheza hupimwa na kuonekana hawasumbuliwi na mwanga kabisa. Kilichowaangusha ni mkesha.

Kifafa cha namna hii si cha watu wengi. Hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 4,000 anacho, na katika kila wagonjwa 100 wa kifafa, 3 hivi huchochewa na mwanga. Huanza zaidi kati ya umri wa miaka 7 na 19, na huonekana kwa wasichana zaidi kuliko wavulana. Umri huo ndio umri wa michezo ya video. Kwa hiyo mara nyingi mchezo haukukileta kifafa, bali ulikifichua.

Jioni ya Desemba 16, 1997

Tukio kubwa kuliko yote ya namna hii halikutokea katika ukumbi wa michezo, bali sebuleni mwa familia za Kijapani. Jioni ya Desemba 16, 1997, katuni ya Pokémon, iliyotokana na mchezo wa video, ilionyesha mlipuko ambamo rangi nyekundu na ya buluu zilipishana mara 12 kwa sekunde kwa sekunde chache. Watoto na vijana wapatao 685 walikimbizwa hospitalini kwa magari ya wagonjwa. Miongoni mwao walikuwamo ambao hawakuwahi kuugua kifafa kabla. Wengi wao walipata nafuu upesi.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, baadhi ya watoto walipatwa na kifafa halisi, kilichothibitishwa na vipimo. La pili, wengi wengine walikuwa na kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa au macho yaliyochoka, na idadi ya waliosema wameugua iliongezeka sana katika siku zilizofuata, baada ya vyombo vya habari na mazungumzo ya shuleni kulieneza tukio. Hofu nayo huumiza mwili: moyo hudunda, pumzi huenda mbio, viganja hufa ganzi. Mhudumu makini hamwiti mtoto wa namna hiyo mwongo. Humtuliza, humpima, na kumweleza mzazi tofauti iliyopo.

Katuni hiyo ilisimamishwa kwa miezi minne, na Japani ikaweka miongozo ya utangazaji. Uingereza ilikuwa imekwisha kufanya hivyo baada ya tangazo moja la biashara la mwaka 1993 kuwaangusha watazamaji. Kanuni ya msingi ya miongozo hiyo ni nyepesi: picha zisipepese zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Hivi leo michezo mingi ya video hutanguliwa na onyo kuhusu kifafa. Onyo hilo wachezaji wengi hulipita bila kulisoma, ilhali ndilo lenye ukweli ambao hekaya iliutafuta.

Kijana wa Calumet City na swali la moyo

Ipo habari nyingine ambayo husimuliwa sambamba na ile ya Polybius, nayo ina kifo halisi ndani yake. Mwezi Aprili 1982, katika mji wa Calumet City, jimbo la Illinois, kijana wa miaka 18 alicheza mchezo wa Berzerk, akafanya vizuri, akageukia mashine nyingine, na ghafla akaanguka akafa. Uvumi ukasema mchezo umemuua. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kovu katika misuli ya moyo, lililotangulia siku ile kwa wiki kadhaa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa naye hajui. Msisimko wa mchezo ulikuwa tone la mwisho katika mtungi uliokwisha kujaa.

Miaka arobaini baadaye, mwaka 2022, watafiti walichapisha katika jarida la Heart Rhythm habari za watoto 22 waliopoteza fahamu ghafla wakicheza michezo ya video, baadhi yao moyo ukiwa umesimama. Wengi wao walibainika kuwa na kasoro za kurithi katika umeme wa moyo. Kasoro iliyoongoza ni ile ambayo mapigo ya moyo huvurugika mwili unapojaa homoni za msisimko. Nyingine ni ile ambayo moyo huchukua muda mrefu mno kujiandaa kwa pigo linalofuata. Kwa baadhi ya watoto hao, kuanguka kwenye mchezo ndiko kulikokuwa dalili ya kwanza, na kulisababisha ndugu zao nao wapimwe.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo kwa mhudumu wa kituo cha afya. Mtoto ambaye moyo wake umesita kwa sekunde kadhaa hupoteza fahamu na anaweza kutetemeka kidogo, kwa sababu ubongo umekosa damu. Anayemtazama huona kifafa. Akiandikiwa dawa za kifafa na kurudishwa nyumbani, moyo wake unabaki bila tiba, na safari ijayo huenda asiamke.

Maswali yanayotenganisha ubongo na moyo

Kipimo cha kwanza ni masimulizi ya aliyeshuhudia. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki, kwa hiyo ni muhimu kumwita ndugu au rafiki aliyekuwapo, na kama kuna aliyerekodi kwa simu, video hiyo itazamwe.

Kifafa huelekea kuwa na dalili hizi: mwili kukakamaa kisha kutetemeka kwa dakika moja au zaidi, kung'ata ulimi pembeni, na baada yake mgonjwa kuchanganyikiwa au kulala kwa muda mrefu. Kwa kifafa kinachochochewa na mwanga, huenda kabla ya kuanguka mgonjwa aliona rangi au mianga isiyokuwapo. Vijana wengine husema kwamba asubuhi wanapoamka mikono hushtuka ghafla, wakamwaga chai au kuangusha mswaki. Dalili hiyo ndogo ni muhimu sana, kwa kuwa huelekeza kwenye aina ya kifafa cha ujana ambayo mara nyingi huambatana na kusumbuliwa na mwanga, na ambayo dawa ya kabamazepini inaweza kuizidisha badala ya kuipunguza.

Tatizo la moyo huelekea kuwa na sura nyingine: kuanguka ghafla wakati wa msisimko mkubwa, katika ushindi, hasira au hofu, au wakati wa kukimbia na kuogelea, uso kupauka, mtetemo mfupi, na kuzinduka upesi akili ikiwa timamu. Historia ya ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au aliyezama majini ingawa alijua kuogelea, ni onyo lisilopuuzwa. Kila mtu anayepoteza fahamu kwa mara ya kwanza anastahili kipimo cha umeme wa moyo, na pale dalili zinapoelekea moyoni, apelekwe kwa daktari bingwa hata kama kipimo hicho, kilichofanywa akiwa amepumzika, kimeonekana kizuri. Baadhi ya kasoro hizi hujionyesha mgonjwa anapofanyishwa mazoezi tu.

Kwa anayeshukiwa kuwa na kifafa, maswali yahusu pia usingizi, pombe, dawa zilizokosekana au kusahauliwa, homa, na kuumia kichwa. Si sahihi kuhitimisha kuwa chanzo ni mchezo kwa sababu tu mgonjwa alikuwa akicheza. Katika nchi zetu vyanzo vya kifafa ni vingi, yakiwamo malaria iliyopanda kichwani, matatizo wakati wa kuzaliwa na minyoo ya tegu iliyojificha ubongoni, na vyote hivyo vinahitaji kutafutwa.

Ushauri kwa mgonjwa na familia

Mtu ambaye vipimo vimeonyesha kuwa kifafa chake huchochewa na mwanga hahitaji kuishi gizani. Akae mbali na skrini, mita 2 au 3 kwa televisheni. Acheze katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Apunguze ung'avu wa skrini. Apumzike kila baada ya saa moja. Na asicheze kabisa akiwa amekesha, ana homa au amechoka. Picha zikianza kupepesa ghafla, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuza uso. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa kuwa mwanga hupenya kope, na kitendo chenyewe cha kufumba kinaweza kuchochea. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa taa za disko, kwa taa ya mrija iliyoharibika inayopepesa, na kwa jua linalopenya kati ya miti gari likienda kasi.

Baadhi hutosheka na tahadhari hizo, na wengine huhitaji dawa. Uchaguzi wa dawa ni wa daktari, hasa kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba, kwa sababu valpoati, ambayo huusaidia sana ugonjwa huu, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Asiache mtu dawa ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma.

Mtu anapoanguka kifafa, aliye karibu aondoe vitu vinavyoweza kumjeruhi, amwekee kitu laini chini ya kichwa, alegeze nguo shingoni, na aangalie saa. Asimkandamize, asimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, asimnusishe kitunguu wala njiti ya kiberiti. Mtetemo ukikoma, amlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla mgonjwa hajazinduka, apelekwe hospitalini bila kukawia. Na kama aliyeanguka hapumui na haitikii, huyo moyo wake umesimama: aanze mara moja kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa kasi, huku msaada ukiitwa.

Saa nyingi kupita kiasi

Hekaya husema wachezaji hawakuweza kuiacha mashine. Hapa pia pana chembe ya kweli iliyovishwa nguo za ajabu. Mwezi Agosti 2005, katika mji wa Daegu nchini Korea Kusini, mtu mwenye umri wa miaka 28 alifariki baada ya kucheza StarCraft kwa takriban saa 50 karibu bila kupumzika. Hakukuwa na mtambo wa siri. Kulikuwa na mwili uliokosa usingizi na chakula. Kukaa kitako muda mrefu namna hiyo huweza pia kugandisha damu katika mishipa ya miguu, na bonge la damu likisafiri hadi mapafuni, huua.

Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji uliopindukia katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Vigezo vyake ni vikali kwa makusudi: mtu ashindwe kujizuia, mchezo upewe nafasi mbele ya mambo mengine yote ya maisha, aendelee ingawa anaona madhara, na hali hiyo ivuruge masomo, kazi au mahusiano kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mtoto anayependa gemu na kukasirika anapozimiwa hajafikia hapo. Anayekosa shule, asiyelala na aliyejitenga na wenzake anahitaji msaada, na pengine nyuma ya mchezo huo kuna huzuni au hofu ambayo hajapata wa kumwambia.

Uvumi mkongwe kuliko mashine

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawakuihitaji Polybius ili kujua uvumi unaweza kumfanya nini mgonjwa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyotengwa kwa hofu kwamba mate na pumzi zao huambukiza. Aliyeangukia motoni aliogopwa kuguswa, akabaki na makovu ambayo kifafa peke yake kisingemwachia. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa kugusana wala kwa kula chombo kimoja. Kulisema hilo waziwazi, mbele ya familia nzima, ni sehemu ya matibabu.

Hadithi ya mchezo wa siri hufanya kazi ileile kwa nguo mpya. Mzazi anayeamini kwamba gemu ndiyo iliyomwingiza mtoto ugonjwa huvunja simu au humfungia mtoto ndani, akaridhika kwamba chanzo kimeondolewa. Kifafa kilichofichuliwa na mchezo hubaki, na kasoro ya moyo hubaki. Anayejibiwa kwa kicheko naye huondoka asirudi. Njia iliyo bora ni kukubali alichokiona, kwamba mtoto ameanguka kweli na kwamba skrini inaweza kweli kuhusika, kisha kumwonyesha kipimo kinachofuata na sababu yake.

Polybius mwenyewe, yule Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba anayetaka kuandika ukweli awaulize waliokuwapo, awapime wanavyoshuhudia, na asiridhike na maneno ya kupokezana. Wajibu huo ndio wa chumba cha daktari pia: mtoto alikuwa akifanya nini, alilala saa ngapi, nani alikuwa naye, aliona nini kwanza, na ilichukua muda gani hadi akazinduka.